Hati ya Ubora kwa Vilabu vya Ridhaa

Huko Uingereza, ambako vilabu vingi vya michezo ya ridhaa huendeshwa na watu wasiopokea ujira, baba mmoja akiwa mwalimu wa timu na jirani yake akiwa mshika fedha, ilidhihirika kwamba mapenzi ya mchezo peke yake hayatoshi kumtuliza mzazi amkabidhiye mwanawe kwa watu asiowajua. Na ndipo chama cha soka cha nchi hiyo kilipoweka, mwaka 2001, daraja la ubora lililoitwa wakati huo Charter Standard, na mwaka uliofuata shirika la Sport England likaanzisha Clubmark kwa michezo mingine.

Klabu itakayo hati ya ubora ya namna hiyo haitazamwi wingi wa vikombe vyake. Huulizwa katiba, hesabu za fedha, bima, na kanuni za adabu walizoridhia wachezaji na wazazi. Na lililo roho ya mambo yote, kwa rai yangu, ni hifadhi ya watoto: kila afanyaye kazi nao sharti kumbukumbu zake za jinai zichunguzwe, na awepo mtu maalumu wa kupokea malalamiko yao, na walimu wawe wamefuzu mafunzo yao pamoja na huduma ya kwanza. Katibu hukusanya nyaraka hizo zote katika jalada, akaziwasilisha kwa wakaguzi. Na hati ikishatolewa haiwi ya milele, kwani klabu hurudi kukaguliwa. Mzazi naye ana haki, tena wajibu, wa kuuliza jina la huyo mpokea malalamiko kabla mtoto hajafunga kamba za viatu.