Chokaa, Jasi na Udongo Uendao Bwawani

Bwawa la Hombolo, lililo kaskazini-mashariki ya mji wa Dodoma, lilijengwa mwaka 1957 ili kuyazuia maji ya mto Kinyasungwe Ndogo. Kila mvua za Desemba zinapoanza, vijito viingiavyo bwawani hugeuka rangi, vikawa kama chai ya maziwa. Rangi hiyo ni udongo wa mashamba ulio safarini, na udongo huo hauendi peke yake.

Chembe ya mfinyanzi ina upana usiozidi sehemu mbili kati ya elfu moja za milimeta. Kwa kuwa chembe hizo ni ndogo na nyingi mno, jumla ya nyuso zake ni kubwa, na juu ya nyuso hizo hunata fosforasi na virutubisho vingine vya mimea. Kwa hiyo mfinyanzi unapochukuliwa na maji, mkulima hupata hasara mara mbili: rutuba huondoka shambani, na bwawa lake hujaa tope.

Jambo hili lilichunguzwa zamani katika nyanda hizo za kati. Majaribio yaliyofanyika Mpwapwa katika miaka ya 1930 yalionyesha kuwa ardhi tupu ilipoteza karibu nusu ya mvua iliyoinyeshea. Shamba la uwele lilipoteza kama robo, na ardhi yenye majani asilimia 2 tu. Mwaka 1972 ilitolewa taarifa ya watafiti wa Vyuo Vikuu vya Dar es Salaam na Uppsala, waliopima mmomonyoko na tope katika maeneo ya mabwawa manne karibu na Dodoma: Ikowa, Msalatu, Matumbulu na Imagi. Mwaka uliofuata ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ujulikanao kama HADO.

Kwa nini mfinyanzi mmoja hukaa mahali pake na mwingine husafiri? Nyuso za chembe za mfinyanzi zina chaji hasi, na chaji za namna moja husukumana. Kinachozipatanisha ni ayoni zenye chaji chanya zilizo kati yake. Ayoni ya kalsiamu ina chaji mbili, nayo huzivuta chembe pamoja zikafanya mabonge madogo. Maji hupenya kati ya mabonge hayo badala ya kutiririka juu. Ayoni ya sodiamu ina chaji moja, tena imezungukwa na maji mengi. Huzishika chembe kwa ulegevu. Tone la mvua likipiga udongo wa namna hiyo, chembe hutawanyika, matundu huziba, na uso wa shamba hufanya gamba gumu.

Hapo ndipo chokaa huingia. Katika nchi ya Uswidi chokaa iliyochomwa huchanganywa na mashamba ya mfinyanzi ili kuyapunguza maji yenye fosforasi yaingiayo Bahari ya Baltiki. Katika nchi jirani ya Ufini hutumika jasi. Kwenye bonde la mto Savijoki, mwaka 2016, ilimwagwa kwa kiasi cha tani 4 kwa hekta. Vitu vyote viwili huleta kalsiamu, lakini havifanyi kazi mahali pamoja. Chokaa ya mawe yaliyosagwa huyeyuka vizuri katika udongo wenye tindikali, nayo huipunguza tindikali hiyo. Katika udongo wenye alkali karibu haiyeyuki kabisa. Chokaa iliyochomwa huyeyuka, lakini huongeza alkali, na alkali ikizidi mmea hukosa fosforasi, chuma na zinki. Jasi huyeyuka zaidi ya gramu 2 katika lita moja ya maji, bila kuongeza alkali.

Tofauti hiyo ina uzito kwa Hombolo, kwa maana maji ya bwawa lake yanajulikana kuwa na chumvi. Shamba likinyweshwa maji ya chumvi yenye sodiamu, mfinyanzi huweza kuonekana mzima wakati wa kiangazi, kwa kuwa chumvi nyingi huzifanya chembe zishikamane. Mvua inyeshapo, maji yake matamu huiosha chumvi, sodiamu ikabaki imenata, na udongo hutawanyika. Shamba la namna hiyo lahitaji jasi, ambayo huchimbwa Itigi mkoani Singida, pamoja na maji ya kutosha kuiosha sodiamu iliyofukuzwa. Kwa hiyo kipimo cha pH na cha chumvi hutangulia, ndipo mfuko ununuliwe.

Shule yaweza kulithibitisha jambo hili kwa chupa tatu za kioo zenye maji ya mvua na kijiko kimoja kimoja cha mfinyanzi. Chupa ya kwanza huachwa. Ya pili hutiwa nusu kijiko cha jasi. Ya tatu hutiwa kiasi hicho cha chokaa ya kilimo. Zote hutikiswa, kisha hulinganishwa baada ya saa moja na siku ya pili. Maji ya kisima chenye chumvi yasitumiwe, maana yataficha tofauti. Chokaa iliyochomwa nayo isiguswe na wanafunzi, kwani huunguza ngozi na macho.

Hata hivyo kalsiamu haizuii maji yaliyokwisha kupata mbio kwenye mteremko. Kazi hiyo ni ya makinga maji, majani, na mabua yaliyoachwa shambani. Kalsiamu hukishika kidonge cha udongo. Kinga huyapunguza maji mwendo. Penye vyote viwili, rutuba ya shamba hubaki shambani, na bwawa hubaki na nafasi ya maji.