Mfungaji Hodari na Deni la Ualimu

Wazee wa Mwanza hawajausahau mchezo wa tarehe 10 Agosti 1974 katika uwanja wa Nyamagana, Yanga ilipoifunga Simba mabao 2 kwa 1 baada ya muda wa nyongeza. Simba ya miaka hiyo ilikuwa na mshambuliaji ambaye sifa zake zilikuwa zikivuma nchi nzima, Ndugu Abdallah Kibadeni.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 19 Julai 1977, Simba iliicharaza Yanga mabao 6 kwa bila. Kibadeni peke yake alifunga matatu, na hadi leo mashabiki humwita "King".

Hata hivyo, kwa maoni yetu, funzo kubwa zaidi limo katika maisha yake baada ya kutundika viatu, alipokuwa mwalimu wa kandanda. Mwaka 1993 aliiongoza Simba hadi fainali ya Kombe la CAF. Ilitoka sare ya bila kufungana na Stella mjini Abidjan, kisha ikafungwa 2 kwa bila nyumbani Dar es Salaam, mbele ya umma uliokuwa tayari kushangilia. Uchungu huo haukumwondoa kazini. Msimu wa 2012/13 aliifundisha Kagera Sugar, huku kwetu kandoni mwa ziwa, nayo ikamaliza ya 4 katika Ligi Kuu. Mwaka 2013 Simba ilimwita tena, na kabla ya mwaka kwisha ikampa kazi hiyo mtu mwingine. Mwalimu wa kandanda hana budi kuyavumilia hayo.

Tunayasema haya kwa ajili ya vijana wa Ukerewe, Ukara na Kome, wanaocheza kwa bidii bila wa kuwaelekeza. Miongoni mwetu wamo wachezaji wa zamani wa Pamba, klabu iliyotwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1990. Ujuzi wao usiachwe uzeeke pamoja nao.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa viongozi wa mkoa na halmashauri za wilaya: watafuteni wakongwe hawa, wapatieni mafunzo ya ualimu, nauli ya kivuko, malazi na posho, wakafundishe katika shule za visiwani. Nao wananchi wa visiwani watenge viwanja na kuwapokea. Orodha ya majina ianze kuandikwa sasa, wangali na nguvu za kusimama uwanjani.