Nyumba ni Zaidi ya Kuta: Dhana Potovu katika Ununuzi na Uuzaji wa Nyumba Nchini Kenya

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hufungamanishwa aghalabu na biashara ya dukani, lakini uzito wake huzidi inapohusishwa na makao. Kwa familia nyingi nchini Kenya, ununuzi wa nyumba ndio matumizi makubwa kabisa ya fedha maishani. Humeza akiba ya miaka, mkopo wa chama cha akiba na mikopo, na pengine malipo ya uzeeni. Hata hivyo, shughuli hii mara nyingi huongozwa na imani zilizopokewa kwa mdomo ambazo sheria haizitambui. Makala haya yanadhamiria kufafanua dhana tano za aina hiyo. Hoja kuu ni kwamba mnunuzi hanunui kuta na paa pekee, bali hununua haki. Na haki hiyo ina historia na mipaka isiyoonekana kwa macho.

Dhana ya kwanza: Mwenye hatimiliki hawezi kupokonywa

Imani iliyoenea zaidi ni kwamba hatimiliki humaliza mjadala. Ni kweli kwamba Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 huichukulia hati hiyo kuwa ushahidi wa awali wa umiliki. Lakini kifungu cha 26 cha sheria iyo hiyo kinaruhusu hati kupingwa ikiwa ilipatikana kwa udanganyifu, kwa njia haramu, bila kufuata utaratibu au kwa ufisadi. Aidha, Ibara ya 40 ya Katiba ya mwaka 2010 hailindi mali iliyobainika kupatikana kinyume cha sheria.

Mnamo Aprili 2023, Mahakama ya Juu ilitilia mkazo msimamo huu katika kesi ya Dina Management Limited dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kampuni hiyo ilikuwa imenunua kiwanja cha ufuoni Nyali na ilikuwa na hati mkononi. Mahakama ilirejea hadi chimbuko la hati, yaani ugavi wa mwaka 1989, na kubaini kwamba utaratibu haukufuatwa. Hoja kwamba mnunuzi alikuwa na nia njema haikumwokoa. Mwaka uo huo, katika kesi ya Torino Enterprises, mahakama hiyo ilieleza kwamba barua ya ugavi pekee haimpi mtu umiliki wa ardhi.

Kutokana na hayo, uchunguzi rasmi katika sajili ya ardhi ni hatua ya kwanza tu. Uchunguzi huo huonyesha jina la mmiliki wa sasa pamoja na mikopo au vizuizi vilivyosajiliwa. Mnunuzi makini hutaka kujua pia mmiliki huyo aliipata ardhi kwa nani, na huyo naye aliipata vipi. Isitoshe, humhusisha mpima ardhi ili athibitishe kwamba kiwanja anachoonyeshwa ndicho kilichomo kwenye ramani.

Dhana ya pili: Palipojengwa na wengi ni salama

Wengi hujipa moyo kwa kutazama majirani. Hudhani kwamba kama kuna nyumba za ghorofa, umeme na barabara, basi ardhi haina dosari. Historia ya karibuni inakanusha dhana hii. Mnamo Novemba 2011, nyumba za kudumu zilibomolewa Syokimau kwa madai kwamba zilisimama kwenye ardhi ya uwanja wa ndege. Mnamo Oktoba 2023, ubomoaji mwingine ulifanyika Mavoko, katika ardhi ambayo mahakama iliamua kuwa ni mali ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Katika matukio yote mawili, wingi wa majirani haukuwa kinga. Umati hauhalalishi umiliki; huongeza tu idadi ya watakaoumia.

Dhana ya tatu: Mwenye nyumba ndiye mwenye ardhi

Sheria ya Kiingereza, ambayo Kenya iliirithi, hushikilia kwamba kilichoshikamana na ardhi ni sehemu ya ardhi. Mnunuzi anayetoka bara huenda akadhani kwamba hali ni hiyo kila mahali. Mjini Mombasa, hasa katika mitaa kama vile Majengo, kuna utaratibu wa jadi unaofahamika kama nyumba bila ardhi. Mtu mmoja humiliki nyumba ya Kiswahili huku mwingine akimiliki kiwanja, na mwenye nyumba humlipa mwenye kiwanja kodi. Msingi wa utaratibu huu ni mila za pwani na sheria ya Kiislamu, ambazo hukubali kwamba jengo, hata mnazi, vinaweza kuwa na mwenyewe tofauti na mwenye udongo. Anayenunua nyumba ya aina hii bila kuuliza hujikuta mpangaji juu ya ardhi ya mtu mwingine.

Tatizo linalokaribiana na hilo hujitokeza katika fleti. Kwa miaka mingi, wanunuzi wa fleti walipewa mikataba ya ukodishaji wa muda mrefu pamoja na hisa katika kampuni ya usimamizi. Sheria ya Majengo ya Sehemu ya mwaka 2020 imewezesha kila fleti kuwa na hati yake, pamoja na fungu katika maeneo ya pamoja kama vile ngazi na ua. Mnunuzi hana budi kuuliza ni haki ipi hasa anayouziwa.

Dhana ya nne: Makubaliano ya watu wawili yanatosha

Kupeana mikono mbele ya wazee kuna heshima yake katika jamii, lakini hakutoshi mahakamani. Sheria ya Mikataba inataka mkataba wa mauzo ya ardhi uwe wa maandishi, utiwe saini na wahusika wote, na saini hizo zishuhudiwe. Fauka ya hayo, wapo watu wengine ambao idhini yao ni ya lazima. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 haimruhusu mume au mke katika ndoa ya mke mmoja kuuza mali ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ikiwa ardhi ni ya kilimo, idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi inapaswa kuombwa katika muda wa miezi 6 tangu mkataba kufanyika. Ikumbukwe vilevile kwamba wakili wa muuzaji humtumikia muuzaji. Mnunuzi anahitaji wakili wake.

Dhana ya tano: Bei iliyotajwa ndiyo gharama yote

Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 ya thamani ya mali mjini na asilimia 2 mashambani. Nyumba ya mjini yenye thamani ya shilingi 6,000,000 humdai shilingi 240,000 zaidi, kabla ya ada za wakili. Muuzaji naye hukabiliwa na kodi ya faida inayotokana na mauzo ya mali. Kodi hii ilirejeshwa mwaka 2015 kwa kiwango cha asilimia 5, kisha ikapandishwa hadi asilimia 15 kuanzia Januari 2023. Faida ikiwa shilingi 1,800,000 baada ya kuondoa gharama zinazokubalika, kodi ni shilingi 270,000. Hata hivyo, mtu aliyeishi mfululizo katika nyumba yake kwa miaka 3 kabla ya kuiuza husamehewa kodi hiyo. Wauzaji wasiojua hili huweza kulipa wasichodaiwa, au kupanga bei wakiwa gizani.

Hitimisho

Dhana zilizojadiliwa zina mzizi mmoja, nao ni kuamini kinachoonekana: karatasi, majirani, kuta, mkono uliopeanwa na bei iliyotajwa. Sheria huuliza kisichoonekana, yaani chimbuko la haki, mipaka yake na ridhaa ya wote wanaohusika. Kuyachunguza hayo hugharimu muda na fedha kidogo, ilhali kuyapuuza huweza kugharimu makao yenyewe. Anayeharakishwa kulipa amana kwa sababu eti kuna mnunuzi mwingine mlangoni, na akumbuke kwamba majuto ni mjukuu.