Kitindamimba wa Bwana Mkubwa

Theodore Roosevelt, aliyeshuka Mombasa mwezi wa Aprili 1909 akiwa ametoka tu katika urais wa Marekani, na ambaye wapagazi walimlakabu Bwana Mkubwa, alikuja kuwinda pamoja na mwanawe Kermit. Kitindamimba wake, Quentin, mwenye umri wa miaka 11, aliachwa pamoja na mamake. Huyu ndiye mtoto mwenye masihara ambaye, kwa mujibu wa hadithi mashuhuri ya Ikulu ya Washington, nduguye alipougua alisaidia kumpandisha farasi mdogo ghorofani kwa lifti, ili mgonjwa apate kufurahi.

Marekani ilipoingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia mwezi wa Aprili 1917, Roosevelt, aliyekuwa amewasuta kwa muda mrefu wote waliosita kupigana, aliomba ruhusa ya kuunda jeshi la watu wa hiari aliongoze mwenyewe, naye Rais Wilson akamnyima. Basi wakaenda wanawe wote wanne. Quentin hakuwa na macho mazuri, na yasemekana alizihifadhi kwa moyo herufi za ubao wa kupimia macho, akapita. Simlaumu kijana kwa hila ile, ila najiuliza ni nani aliyemfunza kwamba mauti ni hafifu kuliko aibu. Alikuwa amemchumbia Flora Payne Whitney. Roosevelt akajitahidi binti huyo apate idhini ya kuvuka bahari, wakaoane Ufaransa, serikali ikakataa.

Tarehe 14 Julai 1918, katika mapigano ya angani, Quentin alipigwa risasi mbili kichwani, na ndege yake aina ya Nieuport ikaanguka karibu na kijiji cha Chamery. Alikuwa na miaka 20. Wajerumani walimzika kwa heshima zote za kijeshi. Kisha, na hapa ndipo muruwa wao ulipowaponyoka, picha ya maiti yake kando ya mabaki ya ndege ikachapwa kwenye kadi za posta.

Habari ilifika nyumbani, Sagamore Hill, kwa kinywa cha mwandishi wa gazeti. Roosevelt aliwapa waandishi maneno machache ya fahari, na siku hizo hizo akaenda Saratoga kuhutubia mkutano wa chama chake kama alivyoahidi. Wapo waliousifu ushupavu huo. Mimi naona kwamba mtu aliyehubiri vita kwa sauti kubwa namna ile hakuwa amejibakizia mahali pa kulilia mbele za watu. Faraghani yalikuwa mengine: husimuliwa kwamba alikutwa zizini, uso ameulaza shingoni mwa farasi, akilitaja jina la utotoni la mwanawe. Tarehe 6 Januari 1919, miezi sita haijatimia, naye akafa usingizini.

Edith, mkewe, ambaye kwa ada zetu za pwani angalikuwa bado kizukani, alisafiri mapema mwaka ule hadi Chamery kulizuru kaburi, na baadaye akawajengea wanakijiji chemchemi ya mawe ya kuteka maji, kwa ukumbusho wa mwanawe. Alifariki 1948, akiwa amekwisha kufiwa na watatu katika wana wake wanne.

Marehemu Roosevelt alikuwa ameiomba serikali mwili wa mwanawe usihamishwe ulipozikwa. Wasia huo uliheshimiwa hadi 1955, ambapo mifupa ya Quentin ilipelekwa kwenye makaburi ya Wamarekani huko Normandy, ikazikwa ubavuni pa kaka yake Theodore, jenerali aliyekufa kwa maradhi ya moyo mwezi wa Julai 1944. Na katika maelfu waliozikwa pale, ni Quentin peke yake aliyeuawa katika Vita vya Kwanza vya Dunia.