Penseli ya fundi na nyumba zetu za mawe

Hapa Gataka, ninakoishi tangu nihame Mombasa, hupiti njia bila kukuta nyumba inayojengwa. Fundi wa mbao huweka penseli nyuma ya sikio, ile bapa anayoichonga kwa kisu. Ni bapa ili isibingirike ikaanguka kutoka juu ya paa. Akiilaza anapata mstari mnene, akitumia ukingo anapata mwembamba.

Penseli kama hiyo ndiyo aliyoipenda Adolph Menzel, mchoraji Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1815 na kufariki Berlin 1905. Koti lake lilijaa madaftari ya kuchorea, na alichora kwa mkono wa kulia au wa kushoto, wowote ule. Alichora makanisa na kasri, lakini pia nyua za nyuma na waashi wakiwa kazini. Kivuli cha ukuta alikipata kwa kusugua unga wa penseli juu ya karatasi.

Mchoro wa namna hiyo unaonyesha jengo linavyoonekana. Hauwezi kukujengea jengo hilo upya. Kwa hilo unahitaji mchoro uliopimwa: unene wa ukuta, urefu wa boriti, daka liko wapi na vyumba vinafuatana vipi kuelekea ndani. Picha moja ya simu haisemi hayo.

Lamu ilibahatika. Usam Ghaidan, msanifu majengo kutoka Iraq, alizichunguza na kuzichora nyumba zake, na kitabu chake kuhusu mji huo kikatoka mwaka 1975. Ukitaka kujua nyumba ya mawe ya Lamu ilipangwaje, pa kuanzia papo.

Nyumba ya bibi yangu, Mji wa Kale Mombasa, haikupata bahati hiyo. Iliuzwa, ikabomolewa, na hakuna aliyeipima. Juzi nilimwomba fundi jirani penseli yake nikajaribu kuichora kwa kumbukumbu. Ukumbi niliuweza. Nilipofika ukuta wa vidaka, mama akaniambia kwa simu vilikuwa vitano. Mimi nimechora vinne, na mjomba anashikilia vitatu. Na upana wa ukuta ule? Kila mmoja ananyoosha mikono yake tu.

Disemba nikishuka Pwani nitabeba tepu ya kupimia. Nyumba ya shangazi, Kibokoni, bado imesimama.