Somo la Leo: Chuma cha Kifaru Kizito

Vijana wenu hucheza vita vya vifaru kwenye intaneti, na kifaru kizito huharibiwa upesi. Kwa nini, na chuma chake ni kinene?

Twaa muhogo. Ukate wima, kisha ukate mshazari. Mkato upi mrefu? Wa mshazari. Kombora nalo likipiga chuma mshazari hupita njia ndefu.

Kifaru cha Kijerumani, Tiger, cha mwaka 1942, mbele kilikuwa na chuma cha milimita 100. Kigeuze nyuzi 30, kombora litakuta yapata milimita 115. Lakini usizidishe! Ubavuni ni milimita 60 hadi 80 tu.

Ukirudi mafichoni, rudi kinyumenyume. Usimpe adui mgongo. Injini iko huko.