Kwa nini ‘furniture’ haihesabiki ilhali fanicha zinahesabika?

KATIKA shule zetu, mtoto hufunzwa nomino mara mbili. Mwalimu wa Kiingereza humwambia kuwa ‘city’ ni nomino ya kawaida na ‘Nairobi’ ni nomino ya pekee. Mwalimu wa Kiswahili naye humwambia yayo hayo kuhusu ‘mji’ na ‘Nairobi’. Mtoto hupata alama zake, kisha huenda zake akiamini kwamba nomino ya kawaida hufanya kazi kwa namna moja katika lugha zote mbili. Hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Katika Kiswahili, ukiondoa herufi kubwa, tofauti hiyo haiitikisi sana sentensi. Nasema ‘Juma amekuja’, nasema ‘mgeni amekuja’, na muundo ni ule ule. Kiingereza hakikubali. ‘Juma has come’ ni sawa, lakini ‘Visitor has come’ inachechemea. Nomino ya kawaida inayohesabika, ikiwa katika umoja, haiachwi isimame peke yake. Sharti itanguliwe na neno jingine: ‘a’, ‘the’, ‘my’, ‘this’, ‘every’ na kadhalika. Sheria hii moja, ikishikwa vyema, huondoa nusu ya alama za kalamu nyekundu katika insha za wanafunzi wetu.

Ugumu ni kwamba Kiswahili hakina ‘a’ wala ‘the’. Hii haimaanishi kuwa sisi hatutofautishi kitu kinachojulikana na kisichojulikana. Linganisha ‘nilinunua gari’ na ‘nililinunua gari’. Ile ‘li’ ya pili, kiambishi cha mtendwa, inamwambia msikilizaji kuwa ni gari ambalo tayari tumelizungumzia. Tena tuna ‘lile’ na ‘hilo’. Lakini kwa watu na wanyama, kiambishi hicho hujitokeza karibu kila mara, ajulikane asijulikane: ‘nilimwona mwanamume’. Yupi? Kiswahili kinamwachia msikilizaji ajue kutokana na muktadha. Kiingereza kinakulazimisha uchague.

Uchaguzi huo si wa kuchezea. Katika mahakama zetu za chini, shahidi anaweza kujieleza kwa Kiswahili, na mara nyingi maneno yake huishia kuandikwa kwa Kiingereza. Tuseme ametamka hivi: ‘Nilimwona mwanamume akitoka na panga.’ Ikiandikwa ‘I saw a man’, huyo ni mtu fulani tu, huenda hata hajulikani. Ikiandikwa ‘I saw the man’, ni yule aliyekwisha kutajwa, na pengine ndiye aliyesimama kizimbani. Shahidi hakusema lolote kati ya hayo mawili. Kineno cha herufi tatu kimemsemea! Ndiyo maana huwa nasisitiza kwamba mkalimani mzuri, akiwa na shaka hapo, aombe shahidi aulizwe badala ya kukisia.

Sasa tuje kwa zile ‘furnitures’, ‘advices’, ‘luggages’, ‘equipments’ na ‘informations’ ambazo hutuletea kicheko mitandaoni. Mimi sicheki. Anayesema hivyo ana mantiki, ila ameiazima kutoka kwa ngeli zetu. Fanicha zi katika ngeli ya I-ZI: fanicha hii imevunjika, fanicha hizi zimevunjika. Mzigo na mizigo ni U-I. Kifaa na vifaa ni KI-VI. Habari nazo twazihesabu bila wasiwasi: habari mbili, habari tatu. Mtu aliyelelewa hivyo ataona ajabu gani kuongeza ‘s’?

Kinachomponza ni kudhani kuwa kuhesabika ni sifa ya kitu. La hasha! Ni sifa ya neno. Viti vitatu na meza moja vyaweza kuhesabiwa hata na mtoto wa chekechea, na ndiyo maana ‘chairs’ na ‘tables’ hazina taabu. Lakini neno ‘furniture’ linavitazama vyote kama bonge moja, jinsi sisi tunavyoitazama sukari. Hebu fikiria: nani husema ‘sukari mbili’ akiwa dukani? Tunasema kilo mbili za sukari. Mwingereza naye, akitaka kuhesabu, hutafuta kipimo: ‘a piece of furniture’, ‘two pieces of advice’. Tena wanaoteleza hapa si Wakenya pekee. Mfaransa ana wingi wa ‘information’ katika lugha yake mwenyewe, kwa hivyo naye huteleza pale pale.

Isitoshe, Waingereza wenyewe huvuka mpaka huu wapendavyo. Hotelini utasikia ‘two teas, please’, sawasawa na sisi tunavyoagiza ‘chai mbili na mandazi nne’. Kinachohesabiwa ni vikombe. ‘I ate chicken’ ni kipande au vipande vya nyama. ‘I ate a chicken’ ni kuku mzima, na watu watakuangalia tumbo. Hata ‘information’ ina wingi katika lugha ya sheria, kwa maana kule ni hati ya mashtaka, kama ile inayowasilishwa katika Mahakama Kuu hapa kwetu mtu anaposhtakiwa kwa mauaji.

Liko pia neno lililohama kabisa. Zamani Waingereza walisema ‘pease’, kwa maana ya njegere kwa jumla. Baadaye masikio yao yakadhani ile sauti ya mwisho ni alama ya wingi, wakaikata, wakapata ‘pea’, njegere moja. Sisi tulifanya vivyo hivyo tulipolipokea neno ‘mudguard’: likawa ‘madigadi’, na kwa kuwa ‘ma’ inafanana na wingi, tukapata ‘digadi’ moja. Lugha haiombi ruhusa ya mtu.

Basi, je, ‘furnitures’ ni kosa au ni Kiingereza cha Kenya? Mwanaisimu Braj Kachru, mzaliwa wa Kashmir, aligawa wasemaji wa Kiingereza duniani katika duara tatu, na kwa mgao huo sisi tumo katika duara la pili, la mataifa yaliyokirithi kutoka kwa ukoloni na kukifinyanga yatakavyo. Hoja hiyo naiheshimu. Hata hivyo, anayesahihisha mtihani au kupitia barua za kuomba kazi hasomi Kachru, anahesabu makosa. Kijana anayetafuta ajira asiitetee nadharia kwa barua yake.

Njia nyepesi ni kufungua kamusi. Zile za wanafunzi, kama ya Oxford iliyoasisiwa na A. S. Hornby, huandika C kando ya nomino inayohesabika na U kando ya isiyohesabika. Baadhi ya nomino zina zote mbili, na ‘hair’ ni mojawapo. Zile nywele zako zote kichwani ni ‘hair’, bila ‘s’, na huchukua ‘is’. Ule unywele mmoja ulioukuta kwenye mchuzi ndio ‘a hair’, na ukikuta wa pili, hapo sasa una haki ya kusema ‘two hairs’.